Dakika Mbili za Barafu



Juma hili naomba niwasimulie jambo ambalo nimelibeba moyoni kwa miaka kadhaa. Ni kisa kinachonihusu mimi mwenyewe, na ndani yake sikutenda lolote la kusifiwa. Nimemwomba ruhusa mhusika mkuu, naye akanijibu huku akicheka, "Padre, andika tu. Pengine yupo mwingine anayesinzia bila kuwa na usingizi." Kwa heshima yake sitamtaja jina. Nitamwita Mwalimu, kama tunavyozoea kuwaita makatekista wetu.

Mwalimu amekihudumia kigango chetu kimoja cha huku milimani kwa zaidi ya miaka ishirini. Amewafundisha watoto Komunyo ya Kwanza, na baadaye akawafundisha watoto wa watoto hao. Sauti yake tuliizoea kama tulivyoizoea kengele ya kanisa. Katika Kwaresima ya mwaka 2016, nilipokuwa nikienda kigangoni humo kila Ijumaa jioni kwa Njia ya Msalaba, nilianza kuona jambo lililonichukiza. Mwalimu alikuwa akisimama mbele ya waamini na kope zake zikiwa zimeshuka, ya kushoto zaidi kuliko ya kulia. Ili aweze kusoma, aliinua kidevu na kukunja paji la uso, hata akaonekana kama mtu anayewatazama wenzake kwa dharau. Tulipofika kituo cha kumi, sauti yake ilianza kutokea puani, na maneno yakawa yanavutana kama ya mtu aliyekunywa.

Wanaoishi huku kwetu wanajua kwamba majira hayo ya mvua ndiyo majira ya ulanzi. Haikuchukua muda minong'ono ikaanza. Wengine walisema Mwalimu anapitia kilabuni kabla ya kuja kanisani. Wengine, kwa sauti ya chini zaidi, walisema amerogwa na jirani waliyegombania mpaka wa shamba. Mimi, niliyepaswa kuwa mchungaji, nilichagua kuamini habari ya ulanzi, kwa kuwa ilikuwa rahisi na iliendana na nilichokiona kwa macho yangu. Sikumbuki kama niliwahi kusogea karibu naye vya kutosha ninuse pumzi yake. Laiti ningefanya hivyo, nisingesikia harufu yoyote.

Baada ya Pasaka nilimwita. Nilimwambia kwamba kwa ajili ya heshima ya nyumba ya Mungu ingefaa apumzike utumishi mpaka atakapojirekebisha. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Padre, mimi sinywi. Ni kope tu zinanielemea ikifika jioni." Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Kope za watu wote zina uzito uleule, Mwalimu." Akainamisha kichwa, akashukuru kwa kupewa nafasi ya kuzungumza, akaondoka. Kigango kikapata msomaji mwingine, nami nikajiona nimetimiza wajibu.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja mke wake alikuja nyumba ya mapadre, akakaa kwenye benchi la nje mpaka nilipomaliza shughuli zangu. Hakuja kulalamika. Alisema, "Baba Paroko, nimekuja kukuomba usali kwa ajili ya mume wangu. Asubuhi anaamka mzima kabisa, analima, anazungumza na watoto. Ikifika saa kumi jioni anaona vitu viwili viwili. Juzi alipigilia msumari, akapiga kidole. Akila ugali, katikati ya chakula taya linachoka, analishikilia kwa mkono." Kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Mlevi gani, Baba, anayelewa jioni tu kila siku, hata siku ambayo hakutoka nyumbani?"

Wakati ule alikuwepo parokiani Sista mmoja, tabibu, aliyekuja kusaidia kliniki ya mama na mtoto. Nikamweleza habari hizo nusunusu, nikidhani atanipa vidonge nimpelekee. Sista alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Asubuhi mzima, jioni mgonjwa?" Nilipokubali, akasema, "Padre, twende leo, na twende jioni. Tukienda asubuhi hatutaona kitu." Akachukua tochi yake ndogo. Hakuchukua kitu kingine chochote.

Tulifika saa kumi na nusu. Naomba mniruhusu niyaeleze kwa utaratibu yale aliyoyafanya Sista katika muda usiofika saa moja, maana sijawahi kuona vitu vidogo namna ile vikisema mambo makubwa kiasi kile.

Kwanza hakumgusa mgonjwa. Alitazama ukutani, akaomba ashushiwe picha ya ndoa. Akaiweka karibu na uso wa Mwalimu, akalinganisha. Alinieleza kwamba wapo watu waliozaliwa na kope zilizolegea, na wapo wazee ambao kope zao zimeshuka polepole kwa miaka kwa sababu kano inayoinua kope imelegea. Hao picha za zamani huwasemea, na hali yao haibadiliki sana kati ya asubuhi na jioni. Katika picha ile, kijana mwenye suti alikuwa na macho yaliyofunguka wazi yote mawili.

Pili, alimulika mboni za macho kwa tochi, moja baada ya nyingine. Hapo nilimwona akiwa makini kuliko wakati mwingine wowote. Aliniambia kwamba kope inayoshuka pamoja na mboni iliyopanuka, hasa kama jicho limegeukia nje na chini na kichwa kinauma vikali, inaweza kuwa ishara ya mshipa wa damu uliovimba ndani ya kichwa na kuukandamiza mshipa wa fahamu unaoliendesha jicho. "Huyo," alisema, "tusingekaa hapa kuzungumza. Tungetafuta gari sasa hivi." Kama kope imeshuka kidogo tu, na mboni ya upande huo ni ndogo kuliko mwenzake, shida inaweza kuwa kwenye njia ya mishipa ya fahamu inayopita kifuani na shingoni, nako inabidi kutafutwe chanzo chake. Mboni za Mwalimu zilikuwa sawasawa, zikinywea vizuri kila zilipomulikwa.

Tatu, aliinua kidole chake juu ya kichwa cha Mwalimu, akamwambia akitazame bila kuteremsha macho. Nikatazama saa. Sekunde thelathini za kwanza sikuona badiliko. Halafu kope ya kushoto ikaanza kushuka, polepole sana, kama pazia ambalo kamba yake inalegea. Kabla dakika haijaisha ilikuwa imefunika nusu ya mboni. Ya kulia nayo ikafuata. Hakuna mtu anayeweza kuigiza kitu kile. Mke wa Mwalimu alisimama mlangoni akiwa ameshika mdomo.

Nne, baada ya kumpumzisha kidogo, alimwambia atazame chini kwa muda wa sekunde kumi na tano hivi, kisha ainue macho haraka na kutazama mbele. Kope ikaruka juu kupita mahali pake, ikatetemeka mara moja, ikateremka tena. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Kama Sista asingeniambia nitazame wapi, nisingeiona. Alisema alama hiyo ilielezwa mwaka 1965 na daktari wa macho wa Marekani aitwaye David Cogan. Tena, aliinua kwa kidole kope ya kushoto, iliyokuwa imeshuka zaidi, na hapohapo ile ya kulia ikashuka zaidi. Kumbe macho mawili hupokea amri moja kutoka kwenye ubongo. Lile lenye udhaifu linapojitahidi, mwenzake naye hupewa nguvu ya ziada. Mzigo ukiondolewa kwa lile dhaifu, amri hupungua kwa yote mawili, na udhaifu wa lile lililoonekana zima hudhihirika.

Ndipo alipouliza, "Kuna mtu ana barafu hapa karibu?"

Nilidhani anaona kiu. Lakini mtoto wa nyumba ile alikwisha elewa, akakimbia kwa mama jirani anayeuza barafu za juisi katika mifuko midogo ya plastiki, akarudi na mbili, nyekundu zote. Sista alizifungia katika leso safi, maana barafu haipaswi kuwekwa moja kwa moja juu ya ngozi. Akaomba rula ya mtoto wa shule, akapima uwazi kati ya kope ya juu na ya chini katika jicho la kushoto: milimita 5. Kwanza alimwambia Mwalimu afumbe macho kwa dakika mbili bila barafu, ili aone kupumzika peke yake kunasaidia kiasi gani. Ikawa milimita 6. Akamchosha tena kwa kumtazamisha juu, kope ikarudi ilipokuwa. Kisha akaiweka ile leso yenye barafu juu ya jicho lililofumbwa, akaniambia, "Padre, hesabu dakika mbili."

Wapendwa, dakika mbili ni ndefu. Nyumba nzima ilikuwa kimya. Niliutazama mshale wa saa yangu ukizunguka, na katika kimya kile nikajiuliza nilitumia muda gani kumhukumu mtu huyu. Nilipomwita ofisini mazungumzo yetu yote hayakufika hata dakika kumi, na uamuzi nilikuwa nimeshaufanya kabla hajaketi. Sikuwa nimempa dakika mbili za kumtazama.

Sista aliondoa leso, akapima upesi, maana matokeo hayo hayadumu: milimita 8. Jicho lilikuwa limefunguka, karibu kama katika picha ya ndoa. Mwalimu akatutazama, akatabasamu, akasema, "Sasa nawaona, na kila mmoja ni mmoja." Baada ya dakika chache kope ikaanza kushuka tena. Yule mtoto akauliza kama sasa anaweza kuila ile barafu. Sista akacheka, akampa, na akatoa hela ya nyingine.

Njiani tukirudi alinieleza maana ya mambo yale, nami baadaye nilisoma zaidi ili nisiwadanganye ninyi. Mshipa wa fahamu na msuli havishikani. Kati yao kuna nafasi ndogo sana. Mshipa ukitaka msuli ufanye kazi, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huvuka nafasi hiyo na kupokelewa na vipokezi vilivyo juu ya msuli. Katika ugonjwa uitwao miasthenia gravisi, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wavamizi, hukosea na kutengeneza kingamwili zinazoviharibu vipokezi hivyo. Ujumbe unatumwa, lakini wapokeaji ni wachache. Mara za kwanza msuli huitikia. Ukiitwa tena na tena huchoka. Ukipumzika hupata nafuu. Misuli inayoinua kope na kuzungusha macho huwa kati ya ile inayoathirika mapema. Kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa dalili za kwanza huonekana machoni, na kwa wengi wao udhaifu husambaa baadaye kwenye kutafuna, kumeza, kuongea, mikono na miguu, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya kwanza. Lakini mboni haziathiriki. Ndiyo sababu Sista alizitazama mapema.

Na barafu je? Mwilini kuna kimeng'enya kinachofagia asetilikolini mara inapomaliza kazi yake. Baridi hukipunguza kasi kimeng'enya hicho, na inaaminika kwamba hiyo ndiyo sababu kuu: ule ujumbe mdogo uliopo hukaa muda mrefu zaidi na kusikika. Kope ikipanda milimita 2 au zaidi baada ya dakika mbili za barafu, waganga huhesabu kuwa ni dalili yenye uzito ya ugonjwa huu. Zamani walikuwa wakichoma sindano ya dawa iitwayo edrofoniamu na kutazama kama kope itainuka. Lakini sindano hiyo iliweza kushusha mapigo ya moyo kwa hatari, ikahitaji mtu awe tayari na dawa ya kuyarudisha, na mwaka 2018 iliondolewa katika soko la Marekani. Barafu haina hatari hiyo.

Nilishangaa kujua kwamba historia ya ugonjwa huu nayo imejaa watu waliotazama kwa subira. Mwaka 1672 tabibu wa Uingereza, Thomas Willis, aliandika habari za mwanamke aliyekuwa akizungumza vizuri, lakini akizungumza kwa muda mrefu sauti humtoka kabisa mpaka apumzike. Zaidi ya miaka mia mbili na hamsini baadaye, mwaka 1934, daktari mwanamke, Mary Walker, akifanya kazi katika hospitali ya St Alfege's huko Greenwich, London, hospitali iliyowahudumia maskini, alitambua kwamba wagonjwa hawa wanafanana na mtu aliyepata sumu ya kurari, ile inayopakwa kwenye mishale huko Amerika ya Kusini. Akawaza kwamba dawa ya kuikinza sumu hiyo, fisostigmini, huenda ikawasaidia. Akamchoma mgonjwa wake sindano, na kwa muda nguvu zikarudi, kope ikainuka. Hakuwa profesa wa chuo kikubwa. Dawa ambayo Mwalimu anaimeza leo, piridostigmini, ni ya ukoo huohuo.

Lakini nisiwafanye mdhani kwamba rula na barafu vilimaliza kazi. Sista mwenyewe alinionya mara tatu. Vipimo hivi vinaelekeza njia, havimalizi safari. Barafu isipoinua kope, haimaanishi kwamba ugonjwa haupo, hasa kama kope imefunga jicho kabisa. Mwalimu alipelekwa hospitali ya rufaa. Huko alipimwa damu kutafuta zile kingamwili, akapimwa misuli kwa umeme, na akapigwa picha ya kifua, kwa sababu baadhi ya wagonjwa huwa na uvimbe katika tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Yeye hakuwa nao. Nauli na gharama zilichangwa na jumuiya yake ndogo ndogo, na miongoni mwa waliotoa zaidi walikuwamo waliosema habari za ulanzi.

Lipo jambo moja jingine lililodhihirika siku ile ambalo lilinitia baridi kuliko barafu. Kabla hatujaondoka, Sista alimwambia Mwalimu avute pumzi moja ndefu na kuhesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufika karibu 50. Mwalimu alifika 24. Kisha akamlaza na kumwambia ainue kichwa huku yeye akikizuia kwa kiganja. Shingo ilikuwa na udhaifu. Ndipo akauliza dawa alizotumia karibuni. Mke akaleta pakiti. Majuma mawili nyuma, katika zahanati moja, Mwalimu alikuwa ameandikiwa siprofloksasini kwa kudhaniwa ana homa ya tumbo, na tangu hapo kumeza kulikuwa kumemwia vigumu zaidi. Simlaumu aliyeandika, hakuna aliyemwambia habari za kope, na mwenyewe alikuwa ameona haya kuzitaja tangu Padre wake alipomfukuza kwa sababu ya kope hizohizo. Dawa za jamii hiyo, pamoja na gentamisini, na hata kwinini tuliyoizoea kwa malaria, zinaweza kuuzidisha udhaifu huu mpaka pumzi yenyewe ikakwama. Anayehesabu kwa pumzi moja asivuke 15 au 20 yuko katika hatari, na hapaswi kulala nyumbani usiku huo. Nimeliwaza jambo hilo usiku mwingi. Haya niliyomtia mimi ilikuwa karibu kumnyima pumzi.

Ninyi wasomaji wa Maandiko mnamkumbuka kuhani Eli kule Shilo. Alimwona Hana akisali, midomo ikicheza bila sauti, akamdhania amelewa, akamkemea. Mara nyingi nimehubiri juu ya imani ya Hana, lakini sikuwahi kumtafakari Eli kwa makini, labda kwa sababu tunafanana mno. Hata hivyo Eli ana jambo moja la kumwigiza: Hana alipojieleza, alimsikiliza, akayabadili maneno yake palepale. Mimi nilielezwa na Mwalimu kwa sentensi moja iliyo wazi kabisa, sentensi ambayo tabibu yeyote angeipokea kama zawadi, nami nikaigeuza kuwa mzaha.

Dominika iliyofuata baada ya majibu kutoka, nilisimama mbele ya kigango kizima, nikaomba radhi. Kosa nililifanya faraghani, lakini aibu yake ilikuwa ya hadharani, kwa hiyo niliona haitoshi kumwomba radhi ofisini. Nilidhani Mwalimu ataona haya. Yeye alisimama, akaja mbele, akanishika mkono, akawaambia watu, "Padre alikosea, na mimi nilikosea kunyamaza. Tuendelee." Tukaendelea.

Leo Mwalimu ni mzima kwa kiasi. Hakupona kabisa, ugonjwa huu kwa kawaida hautoki wote, bali hutulizwa. Anameza piridostigmini kwa saa zake, na dawa nyingine ya kuituliza kinga ya mwili, na anakwenda kliniki. Anasoma somo la kwanza katika Misa ya asubuhi. Njia ya Msalaba ya jioni anaiongoza mpaka kituo cha tano au cha sita, kisha anaketi, na kijana aliyemfundisha mwenyewe anaendelea. Kope zikishuka, hakuna anayenong'ona.

Wapendwa, kabla sijafunga, niwaachie mambo machache ya kushika majumbani. Mkimwona mtu ambaye kope zake zinashuka jioni na kufunguka asubuhi, anayeona vitu viwili viwili, anayechoka kutafuna, ambaye sauti yake inatokea puani akizungumza kwa muda, msimwite mvivu wala mlevi wala aliyerogwa. Mpelekeni hospitali, mkaeleze saa ambazo hali inazidi, maana asubuhi tabibu anaweza asione kitu. Pigeni picha jioni kwa simu mkamwonyeshe. Kope ikishuka ghafla na kichwa kikiuma vikali, au mboni zikitofautiana, msingoje kesho. Na kwa ninyi mnaolima mabondeni: mtu aliyeumwa na koboko au swila, kope zikianza kumlemea, sumu imeanza kulegeza misuli, na pumzi inaweza kufuata. Mtulizeni, asitembee, msimchanje wala kumfunga kamba kwa nguvu, mkimbizeni hospitali. Na yeyote ambaye tayari ana ugonjwa huu asiache dawa kwa hiari yake, na amtajie kila anayemwandikia dawa mpya.

Juma hili najiwekea zoezi, nanyi mkipenda tulifanye pamoja. Kabla ya kusema neno juu ya mtu ambaye mwenendo wake unatukera, tumtazame kwa dakika mbili kamili kwa saa. Kisha tumwulize linamsumbua nini, na tungoje jibu.

Mwalimu anawasalimu. Amenituma niwaambie kwamba yule mama wa barafu bado yupo, na juisi yake ya sasa ni nzuri kuliko ile ya mwanzo.

Mungu awabariki nyote. Tuombeane.

Paroko wenu